Kwaresima ya Mwaka Mzima

Jumatatu, 17/2/2003

Baraza la Wazee wa usharika limekubali! Kuanzia wiki ijayo, anayetaka ukumbi wa kanisa kwa harusi ataomba kwa tovuti. Tovuti yangu mimi, Aminiel Kaaya, miaka ishirini na saba, mtaalamu wa kujisomea. Kompyuta yenyewe ni zawadi ya usharika rafiki wa Ujerumani. Ilikaa ofisini miezi sita imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Nikathubutu.

Watu wetu wamesambaa Dar, Mwanza, hadi Botswana, lakini kuoa wanarudi hapa mlimani Meru. Mpaka leo wanampigia simu Mama Tabea wa ofisi ya usharika, naye anaandika kwenye kitabu chake chenye jalada gumu, kwa rula. Kitabu! Mwaka 2003!

Sasa jambo lenyewe. Baraza litaajiri Karani wa Kompyuta. Uamuzi ni Jumapili tarehe 9 Machi. Tuko wawili. Mwingine ni Ebenezer Ndesanjo, mtu wa Machame, mwenye cheti cha kompyuta na suruali iliyopigwa pasi hadi ina makali. Bila kazi hiyo mimi sina Ruth. Baba yake, Mzee Sumari, amesema wazi kwamba hatoi binti kwa mtu ambaye kazi yake haina jina. Kukaa kwenye intaneti kafe ya binamu pale Elerai, anasema, ni kukaa tu.

Nitaipata. Sioni njia ya kuikosa.

Jumatano, 19/2/2003

Programu imekamilika. Siku mbili, birika tatu za chai ya rangi, maandazi kumi na moja.

Inafanya hivi. Mtu anaandika tarehe anayoitaka. Programu inajiuliza maswali mawili: je, ukumbi uko wazi? Je, tarehe iko ndani ya Kwaresima? Maana sisi hatufungi ndoa Kwaresima, hata mtoto wa kipaimara anajua. Mwaka huu inaanza Jumatano ya Majivu, 05/03/2003, na kuishia Pasaka, 20/04/2003. Mimi nimeandika mstari mmoja tu: tarehe ikiwa kati ya hii na hii, kataa. Mstari mmoja! Nimeutazama muda mrefu, mzuri.

Ebenezer alipita ofisini. Akasoma juu ya bega langu, tabia ya watu wenye vyeti. Akasema naona tarehe umeziweka kama maandishi ya kawaida, ingefaa uiambie mashine kwamba ni tarehe, na uanze na mwaka, halafu mwezi, halafu siku. Nikamwuliza ni nani hapa Meru anayesema amezaliwa sabini na tano, Mei, tisa. Kwetu tunaanza na siku. Mama Tabea anaanza na siku. Mimi natengeneza tovuti ya watu wa hapa. Akasema polepole kwamba kompyuta haijui watu wa wapi. Nikamjibu kwamba ya kwangu itajua.

Majibu nayo nimeyatunga mwenyewe. Tarehe ikifaa: "Hongera! Tarehe yako imekubaliwa mbele ya kanisa." Isipofaa: "Ole! Tarehe hii ni ya Kwaresima. Tafakari, kisha uchague nyingine." Ebenezer akauliza kama hiyo Ole ni ya lazima. Ni ya lazima.

Ijumaa, 21/2/2003

Majaribio rasmi, mbele ya Mchungaji na Mama Tabea. Nikaandika 10/03/2003. Ole! Nikaandika 12/04/2003. Ole! Nikaandika 03/05/2003. Hongera! Tatu kwa tatu. Mchungaji akaomba ajaribu mwenyewe, akaandika 24/12/2003 kwa kidole kimoja. Hongera! Akacheka kama mtoto.

Mama Tabea akasema hayo yote yeye anayajua bila umeme. Wivu.

Ebenezer akashauri tujaribu tarehe nyingine kumi, hasa za katikati ya mwezi. Nikamkumbusha kwamba hata Tomaso alitaka kuingiza kidole kwanza. Mchungaji akacheka tena. Ebenezer hakucheka. Siku njema sana.

Jumapili, 23/2/2003

Tovuti imetangazwa kanisani. Jina langu limetajwa mimbarini! Mama yangu aligeuka kulia na kushoto kuhakikisha wamesikia.

Baada ya ibada Mzee Sumari aliniita kwake. Tulikaa barazani, migomba mbele, kahawa nyuma. Nikaamkia, shikamoo baba, akaitikia, kisha akanikagua kuanzia viatu hadi nywele, muda wa kutosha mtu kukumbuka dhambi zake zote. Halafu akaanza kunihoji kama hanijui. Ukoo gani? Nikataja. Ukoo huo, tawi la nani? Nikataja. Katika tawi hilo, boma la nani? Mtoto wa nani? Jina langu aliliuliza mwisho kabisa, na huyu mzee alikuwepo siku ninabatizwa! Niliona ni dharau kidogo. Ruth, aliyekuwa anamimina chai, alikuwa anatabasamu.

Kisha akauliza kazi. Nikasema ni Karani wa Kompyuta mtarajiwa. Akasema tangu biashara ya kahawa ifunguliwe kwa watu binafsi, kila msimu anakuja kijana mwenye mashine na ahadi, mashine inabaki na kijana haonekani. Nikamwambia mimi nitaonekana. Akasema tutaona.

Ruth alinisindikiza hadi njiani. Ni mwalimu wa darasa la pili, Elerai, ana sauti ya kunyamazisha watoto tisini. Kwangu mimi haiinui. Nampenda, na ninaandika hapa kwa sababu kumwambia nasahau maneno.

Alhamisi, 27/2/2003

Mzee Sumari ametaja tarehe! Jumamosi, 14 Juni. Masika itakuwa imeisha, kahawa itakuwa haijaiva, na Richard, kaka yake Ruth anayefundisha Botswana, atakuwa nyumbani. Likizo yake inaisha tarehe 18 Juni na hana nyingine hadi mwaka 2005. Bila Richard hakuna harusi, mzee amesema. Kwa hiyo ni tarehe 14 au ni miaka miwili ya kusubiri. Na sharti niwe nimepata kazi yenye jina. Machozi yalinilengalenga nikasingizia moshi wa jikoni.

Ruth akasema anapita ofisini jioni hii, atamwomba Mama Tabea atuandike kitabuni. Nikamkataza. Mke mtarajiwa wa Karani wa Kompyuta kwenye kitabu! Watu watasemaje? Nitaiingiza mwenyewe kesho, kwa mtandao, kwa heshima. Ruth hakujibu kitu. Huwa ananyamaza akikubali.

Halafu nilikwenda kwa Mchungaji na kumweleza kwamba kitabu na tovuti haviwezi kuishi nyumba moja. Mmoja lazima aondoke. Amekubali kitabu kifungwe kuanzia kesho asubuhi. Ushindi!

Ijumaa, 28/2/2003

Saa tatu asubuhi Mama Tabea amekifungia kitabu kabatini mbele ya macho yangu. Ufunguo kautia kwenye pochi yake, pochi kaitia kwapani.

Saa tatu na nusu nikaketi. Nikanawa mikono kwanza. Nikaandika 14/06/2003.

Ole! Tarehe hii ni ya Kwaresima.

Nikaandika tena. Ole! Nikazima mashine, nikasali kwa ufupi, nikawasha. Ole! Nikajaribu tarehe 7 Juni. Ole! Nikajaribu tarehe 21 Juni. Hongera! Lakini tarehe 21 Richard atakuwa Botswana.

Nimefikiri kwa makini na jibu ni moja: Ebenezer. Ameingia humu akaharibu. Nimeufungua ule mstari wangu. Haujaguswa. Hodari sana huyu mtu, anaharibu bila kugusa!

Ruth akanikuta njiani, akauliza kama nimeingiza tarehe. Nikasema iko kwenye hatua za mwisho. Sikudanganya. Hakuna hatua nyingine niijuayo baada ya hizo.

Kilichonifariji ni kwamba maombi yanamiminika. Mtu mmoja wa Dar, Fanuel, mwana wa usharika huu, ameomba mara kumi na tisa. Mwisho amekubaliwa, harusi yake na Violet iko tarehe 22 Machi. Ndiye wa kwanza kabisa kupewa Hongera. Nimechapisha tangazo lao la ndoa kwa herufi nene na kumkabidhi Mama Tabea. Alilisoma mara mbili. Akanitazama. Akauliza kama kilichosemwa na kompyuta ndicho cha mwisho. Nikasema ndicho. Akasema haya mwanangu, akaliweka kwenye faili la Mchungaji.

Jumapili, 2/3/2003

Siku ya kusahauliwa. Naandika kwa ajili ya historia tu.

Mchungaji akasoma matangazo. Kwaya zimalize mapema. Jumatano ni Majivu, waumini wajiandae. Kisha akasoma tangazo la kwanza la ndoa, Fanuel na Violet, itafungwa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 22 Machi, na kama kuna mwenye pingamizi aseme. Kwa kawaida hapo watu hukohoa tu na mambo yanaendelea. Leo mikono ilinyooshwa! Nilihesabu kumi na mmoja, kisha nikaacha. Bibi mmoja wa mbele alisimama bila kuitwa akauliza tangu lini Walutheri wanaoa Kwaresima, au na hilo nalo limebinafsishwa?

Mchungaji akaitazama karatasi kama imemng'ata. Akasema tangazo limetoka kwenye kompyuta. Kanisa zima likanigeukia. Mama yangu peke yake ndiye aliyetazama mbele.

Mzee Sumari, pale kwenye viti vya wazee, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitafuta kwa macho hadi akanipata.

Nje, Ebenezer alinijia akasema pole. Pole! Hajawahi kunitukana vibaya hivyo.

Jumatatu, 3/3/2003

Nimelala, nimeamka, nimeona ukweli. Tovuti haina kosa. Ina msimamo mkali.

Nimehesabu: maombi arobaini na sita, Ole thelathini na mbili. Ni usharika gani mwingine Arusha nzima wenye nidhamu hiyo? Ile moja ya 22 Machi ni bahati mbaya ya mara moja. Nimemwandikia Mchungaji barua kueleza kwamba kila mlinzi mwaminifu husinzia siku moja.

Hajajibu. Kapiga simu kwa Ebenezer.

Jumatano, 5/3/2003

Jumatano ya Majivu. Nilihitaji kutubu jambo fulani, nikakosa la kuchagua, nikamwambia Ruth ukweli: tarehe yetu imekataliwa. Mara kumi na nne.

Nilimwambia naogopa. Naogopa baba yake atasema mwaka 2005, na katika miaka miwili atatokea mtu mwenye mkunjo wa suruali na kazi yenye jina. Ruth akanishika mkono, akaniambia niache upuuzi, nikamwonyeshe hiyo mashine.

Akaniamuru nijaribu kila Jumamosi hadi mwisho wa Juni. Yeye akaandika nyuma ya daftari la mtoto, waliokubaliwa huku, waliokataliwa kule, kama anasahihisha. Zilizokataliwa: 8 na 15 Machi, 5, 12 na 19 Aprili, 10 na 17 Mei, 7 na 14 Juni. Zilizokubaliwa: 22 na 29 Machi, 26 Aprili, 3, 24 na 31 Mei, 21 na 28 Juni.

Alitazama dakika moja. Moja! Akasema mashine yako haijui mwezi. Kila siku kuanzia tano hadi kumi na tisa inaikataa, iwe Machi, iwe Juni. Zilizobaki inaziruhusu, hata za Kwaresima.

Nikasema haiwezekani. Akanieleza kama anavyowaeleza wa darasa la pili. Rejista yake ya darasa inapangwa kwa maandishi, herufi ya kwanza kwanza. Aika yuko juu ya Zakaria hata kama Zakaria alizaliwa mapema, kwa sababu rejista haitazami umri, inatazama herufi. Ndivyo mashine inavyosoma tarehe zangu, tarakimu moja moja kutoka kushoto. Nimeiambia Kwaresima inaanza na sifuri tano na kuishia na mbili sifuri. Kumi na nne iko katikati. Imeshaamua, mwezi haujafikiwa.

Nikauliza sasa dawa ni nini. Akacheka. Akasema baba alipokuhoji alianza na wewe? Alianza na ukoo, akaja tawi, akaja boma, jina lako likawa la mwisho. Kwa nini? Kwa sababu akianza na jina atachanganya Waaminieli wote wa mlimani. Anza na mwaka, huo ndio ukoo. Halafu mwezi, ndilo boma. Siku ndiyo mtoto, isubiri kuulizwa.

Nimefikiri sana juu ya maneno haya. Ni mazuri. Kasoro yake ni moja, yanafanana na ya Ebenezer. Siwezi kubadilisha kitu siku nne kabla ya uamuzi, nitaonekana ni mimi niliyekosea.

Jumamosi, 8/3/2003

Mchungaji amemwagiza Ebenezer arekebishe tarehe. Leo. Nimealikwa kutazama.

Sikwenda. Mtu mwenye hadhi hatazami mwingine akipekua sanduku lake. Nimebaki nyumbani kuandika hotuba ya kesho. Kurasa tatu. Kiini chake ni kwamba tovuti sasa ni nzima, kwa hiyo kitabu kife kabisa, kisirudi, kisitajwe. Nimeweka na msemo: kilichomo kwenye kompyuta kipo, kisichomo hakipo. Nimeujaribu mbele ya kioo. Mama kutoka jikoni akauliza nagombana na nani.

Saa kumi jioni Ruth alipita. Akasema Ebenezer amemaliza tangu saa nane, amegeuza tarehe zote, mwaka mbele, kasi ya ajabu, na tarehe 14 Juni sasa inakubalika. Akanisihi niende kuiingiza leo leo. Nikamwambia nitaiingiza kesho mbele ya Baraza, kwa mkono wangu, mwisho wa hotuba. Fikiria pigo hilo! Ruth akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekula chaki.

Jumapili, 9/3/2003

Baraza lilikaa baada ya ibada ya pili. Wazee tisa, Mchungaji, Mama Tabea na pochi yake. Ebenezer kwenye kona. Ruth alikaa dirishani na akina mama wa chai.

Nilisimama nikatoa hotuba. Yote. Kurasa zote tatu. Nilipofika kwenye kilichomo kipo, kisichomo hakipo, nilipiga meza na vikombe viliruka. Mzee mmoja alisema amina. Nikaketi kungoja mashine iwashwe niingize tarehe yetu, jasho linanitiririka, moyo umejaa.

Mchungaji akashukuru. Akaomba yasomwe maombi yaliyoingia tangu jana mashine ilipopona. Ebenezer akasoma kwa ile sauti yake ya maji ya uvuguvugu. La kwanza: Fanuel na Violet wa Dar, ambao tarehe yao ya Machi ilifutwa. Waliingia jana saa nane na robo, wamepata tarehe waliyokuwa wakiitaka tangu mwanzo, waliyoiomba mara kumi na nane wakaambiwa Ole.

Jumamosi, 14 Juni.

Mzee Sumari alivua miwani. Safari hii hakuifuta. Akasema, taratibu sana, kwamba anaomba kueleweshwa. Tarehe 14 Juni ni ya binti yake. Je, imo kwenye kompyuta? Ebenezer akatazama chini, akasema haimo, baba. Mzee akanigeukia mimi. Akanukuu. Kisichomo hakipo, sivyo, kijana?

Nimewahi kuanguka kutoka kwenye mti wa parachichi, nimewahi kufukuzwa na ng'ombe dume gulioni Ngaramtoni. Yote yale yalikuwa mapumziko. Nilimwona Ruth dirishani na nikaona miaka miwili ikipita kati yetu. Nikasimama tena. Nikasema naomba kuongeza nukta ndogo kwenye hotuba yangu. Kwamba kompyuta ni nzuri, lakini ni mtoto wa juzi. Kwamba kitabu ndicho mama. Kwamba wino una uaminifu ambao umeme hauna, na ni nani hapa hajawahi kukatikiwa umeme? Nilisema mengi. Nikamaliza kwa kuomba kitabu kifunguliwe, ingawa nilijua hatumo, maana nilikuwa nimemkataza Ruth kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mzee aliyesema amina mara ya kwanza akasema amina tena.

Mama Tabea akatoa pochi kwapani, ufunguo kutoka kwenye pochi, kitabu kutoka kabatini. Akalamba kidole, akafunua. Akasoma: Jumamosi, 14 Juni 2003, ukumbi na kanisa, Aminiel Kaaya na Ruth Sumari. Imeandikwa tarehe 27 Februari, jioni, kwa wino, kabla kitabu hakijafungwa.

Alikwenda. Nilimkataza, naye akanyamaza, akaenda.

Wazee hawakuchukua hata dakika tano. Kitabu kinarudi na ndicho cha kwanza, kompyuta itafuata kitabu. Fanuel atapewa tarehe 21 Juni na barua ya kuombwa radhi. Karani wa Kompyuta ni Ebenezer. Mimi ni Msaidizi wa Karani, upande wa ratiba na matangazo.

Nje Mzee Sumari alinisimamisha. Akauliza kati ya hotuba zile mbili, aende nayo ipi nyumbani. Nikasema achukue ya pili, baba. Akasema yeye ataondoka na ile ya binti yake, iliyokuwa mstari mmoja. Kisha akauliza hiyo kazi inaitwaje. Nikamwambia. Akairudia midomoni, Msaidizi wa Karani, kama anaonja kahawa. Akasema lina jina. Si kubwa. Lakini ni jina.

Ruth nilimkuta kwenye ngazi za kanisa. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kulia kabisa, mchana kweupe, waumini wakipita. Akanipa leso. Akaniambia nisirudie.

Sitarudia.

Ijumaa, 13/6/2003

Kesho naoa! Richard amefika na shati jipya. Mbuzi wawili wa ndafu, wa kuchomwa wazima, wameshachaguliwa. Mvua imekatika tangu wiki iliyopita, Meru yote iko wazi hadi kileleni, kana kwamba na yenyewe imealikwa.

Na mimi nimetoa zawadi yangu kwa harusi hii, kazi ya Msaidizi wa Karani, upande wa ratiba. Nimeingiza ratiba nzima ya kesho kwenye kompyuta, kila tukio na saa yake, nikaiamuru iyapange yenyewe kuanzia la mwanzo hadi la mwisho. Ikapanga kufumba na kufumbua! Nimechapisha nakala mia tatu, karatasi ya waridi. Zimeshagawiwa tangu asubuhi. Mchungaji anayo, dereva wa bi harusi anayo, wapishi wanayo. Mshereheshaji ni Mzee Lemburis, aliyekuwa mkuu wa gwaride jeshini. Amenihakikishia kwamba ataifuata karatasi mstari kwa mstari kutoka juu, na hataruhusu mtu kuruka hata mmoja. Huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi.

Ebenezer aliomba aitazame kabla ya kuchapishwa. Nikakataa kwa upole, maana kesho ni msimamizi wangu wa ndoa na sitaki kinyongo. Akauliza saa nimeziandikaje. Nikasema kwa maandishi, kama watu wanavyozitamka, 4:00 ibada ya ndoa, 7:00 chakula, bila kubandika sifuri mbele kama namba za gari. Akaanza kusema jambo kuhusu tarehe. Nikamkatiza. Ndugu yangu, nikasema, zile zilikuwa tarehe, nilishakiri. Hizi ni saa. Saa hazina Kwaresima!

Akafunga mdomo. Nadhani safari hii nimemshinda kwa hoja.

Ruth naye alituma mtoto wa jirani na kikaratasi, kinauliza kama nimeisoma yote. Sina haja ya kusoma yote. Nimesoma mistari miwili ya juu, ili niwe na uhakika. Wa kwanza: 10:00, Kuwaaga maharusi. Sahihi, saa kumi ndipo tunapoagwa. Wa pili: 11:00, Kufagia ukumbi. Sahihi kabisa.

Nimemjibu alale salama, kila kitu kiko kwenye mpangilio wake.